Bunduki kwenye Geti la Maktaba

Abalo aliinamia simu yake iliyozimika tangu asubuhi, kisingizio kizuri kwa mtu anayetaka kusikiliza ya wengine. Mbele yake, kwenye treni ya jioni, mlinzi mwenye sare alikuwa akizungumza na mama Mkongo aliyepakata kitabu chenye mhuri wa maktaba.

"Hiyo maktaba mimi ndiyo nalinda," mlinzi alisema. "Miaka sita. Sioni kazi yake. Siku hizi vitu yote iko kwa simu, mama."

"Simu ya nani, afande? Yangu inakula bando tu. Kukata gauni la harusi nimejifunza humu." Mama alilipapasa jalada kama kichwa cha mwanawe. "Na kusoma ni bure."

"Bure? Hawalipishi?"

Abalo alijiuliza mtu huyu amekuwa akilinda nini miaka yote hiyo.

"Hawalipishi. Lakini mwaka mzima nilipita pale nje bila kuingia. Nilikuona getini na bunduki, nikasema hapa ni pahali pa wakubwa, mkimbizi haingii."

Mlinzi alicheka, kisha kicheko kikamwishia mdomoni. Treni ilianza kupunguza mwendo kuingia Kireka, kituo anachoshukia mlinzi. Akasimama, akavua kofia, akaitazama picha ya gauni kwenye jalada.

"Hata mimi nilifikiri hivyo," alisema polepole. "Kesho niko ofu, sina zamu. Nikija bila bunduki, naanzia wapi?"

Treni ikasimama, naye alikuwa bado hajashuka.