Timu Yetu Itakujibu Ndani ya Dakika Tano

Benchi letu liko kati ya kinyozi na fundi viatu. Kinyozi ni mimi. Wananiita Wembe, na jina hilo sikulipata kwa kazi, nililipata kwa mdomo. Fundi viatu ni Soli, mtu mpole ambaye akikushonea kiatu utakichoka wewe kabla chenyewe hakijachoka. Benchi lina mguu mmoja wa tofali, ubao wangu wa nje umedondoka herufi ya mwisho unasomeka KINYOZ, na mbele yetu hukaa Mama Birika na kahawa yake. Kila alasiri, wateja wakipungua, tunajikusanya hapo: mimi, Soli, Meneja na Bando. Meneja hajawahi kuwa meneja wa kitu chochote. Alilinda geti la kampuni moja ya matangazo miaka sita, na anaapa kwamba mawazo yote ya mle ndani yalikuwa yakitoka yanampitia yeye kwanza. Bando anaweza kukosa sabuni, intaneti hakosi. Hao ndio wataalamu waliomfungulia Soli duka la mtandaoni miezi mitatu iliyopita, na mimi nikiwemo. Tulilifungua kwenye simu ya Bando, kwa kuwa simu ya Soli ni ile ya vitufe. Sasa siku ninayoisimulia, Soli alikuja, akakaa, akashika kikombe bila kunywa.

– Jumamosi nafunga, akasema.

– Mapema? Bando akauliza.

– Nafunga duka. Shemeji anakuja na mkokoteni kuchukua mashine na kalibu zote za viatu. Amenipatia kazi ghalani kwake, kupanga maboksi.

Mikono ile ikapange maboksi! Iliniuma, nasema kweli. Lakini sisi wa benchi hatujui kusikitika kimya kimya.

– Haiwezekani! Bando akachomoa simu. Una wafuasi elfu mbili na mia tatu! Jana kile kiatu cha kahawia kimepata mioyo mia nne!

– Mioyo mia nne, na hakuna mguu hata mmoja ulioingia dukani. Hebu niambieni ninyi mnaoyajua haya mambo. Kosa liko wapi?

Ukimuuliza Meneja swali la namna hiyo umempa chakula. Akavuta suruali magotini, akakohoa.

– Kosa ni rangi. Bluu. Bluu ni rangi ya usingizi. Mteja anafungua ukurasa, anaona bluu, anapiga miayo, analala. Akiamka, habari za viatu kashasahau.

– Si wewe uliyechagua bluu? nikamuuliza.

– Mimi nilichagua bluu yenye matumaini. Bando akaweka bluu ya hospitali.

– Simu ina bluu moja! Bando akafoka.

– Mimi birika langu lina rangi ya masizi, Mama Birika akasema huku akimimina, na kila siku narudi nalo tupu.

– Mama, kahawa haina ushindani wa kidijitali, Meneja akamjibu.

– Aka! Haya, bwana.

Bando akasogea katikati ya benchi, tofali likalia.

– Sikilizeni. Kule mtandaoni kuna mtambo unaoamua nani aone nini. Ule mtambo una kisirani. Ukiuwekea picha ya kiatu kimetulia tu, unaona umedharauliwa. Unataka kiatu kicheze.

– Kicheze vipi?

– Soli avae kimoja mguuni, kingine akiweke kichwani, azunguke mara tatu, halafu aanguke. Watu wanapenda sana kuona mtu akianguka.

– Niangukie wapi? Soli akauliza. Maskini, alikuwa anauliza kwa dhati.

– Juu ya mteja.

– Mteja sina, Bando. Ndiyo maana nauliza.

– Ngojeni, ngojeni, Meneja akainua kidole. Mnaruka hatua. Pale kwetu kwenye kampuni walikuwa wakisema mteja hanunui kiatu, ananunua safari. Sisi hatujamsafirisha. Akifika kwenye ukurasa anaona kiatu moja kwa moja, kama yuko sokoni. Lazima kwanza ajaze fomu.

– Fomu ya nini tena?

– Maswali kumi na saba. Jina, umri, ndoto zake, kiatu chake cha kwanza utotoni kilikuwa cha rangi gani, na anaelewana vipi na mama mkwe.

– Mama mkwe anaingiaje hapo? nikauliza.

– Wewe kiatu kizuri unakivaa ukienda wapi? Si ukweni? Basi. Akimaliza fomu tunamngojesha siku tatu. Mteja asipoteseka kidogo hathamini.

– Na bei ataiona lini?

– Bei asiione kabisa. Akiiona bei, safari imekwisha.

Hapo mtu mwenye akili angenyamaza. Mimi nikaona wananizidi, na mdomo wangu mnaujua.

– Dawa ni moja, nikasema. Tutangaze kwamba Soli amefariki.

– Mungu wangu! Mama Birika akashika kifua.

– Fundi akishakufa kila mtu anakumbuka alikuwa hodari. Watagombania viatu vilivyobaki. Wiki ya pili Soli anarudi, na anarudi na punguzo la bei.

Meneja akajipiga paja.

– Punguzo la kurudi! Wembe, wewe umezaliwa na kipaji, ni vile tu umekipoteza kwenye vichwa vya watu!

– Na mke wangu je? Soli akauliza.

– Tunamwingiza kwenye mkakati, Bando akadakia. Analia mbele ya kamera, na amevaa viatu vyako!

Tukacheka sote hadi kahawa ikamwagika. Soli hakucheka. Aliweka kikombe chini polepole, akaitazama mikono yake, ile yenye gundi kavu kuchani.

– Jamani, mimi nauliza kweli. Miaka ishirini na mbili nimeshona viatu. Sitaki kupanga maboksi. Sitaki.

Mimi nikaona haya kwa kumuua rafiki yangu kwa ajili ya kicheko.

Ndipo akatokea mama mmoja. Mtu wa makamo, miwani puani, mkoba begani na mfuko mkubwa mkononi. Akasimama mbele yetu, akatazama simu yake, akatazama ubao wangu, akatazama birika, akainama kuhakikisha tofali. Kisha akashusha pumzi.

– KINYOZ. Birika. Benchi la tofali. Hapa ndipo Hatua Intanashino?

Hilo ndilo jina tulilompa Soli. Zamani duka liliitwa Kwa Soli tu. Meneja akasimama, akafunga kifungo cha shati.

– Makao makuu, mama. Karibu sana.

– Makao makuu mmeyaficha vizuri. Mimi ni mwalimu, nafasi yangu ni alasiri tu, na wiki tatu nimezunguka nikionyesha watu picha hii. Hakuna namba ya simu, hakuna jina la mtaa. Mmeandika “Tupo duniani kote.”

Namba aliiondoa Meneja, alisema ukiweka namba unaonekana una njaa. Mtaa aliuondoa pia. Benchi letu nalo alitaka likatwe kwenye picha kwa kuwa linashusha hadhi, ila Bando hakujua kukata.

Mwalimu akafungua mfuko wake, akamwaga viatu juu ya benchi. Viatu vipya kabisa, vinang'aa, na hakuna viwili vilivyolingana.

– Mguu wangu wa kulia ni thelathini na nane, wa kushoto arobaini. Nimezaliwa hivyo. Kila nikitaka kiatu nanunua jozi mbili, navaa nusu ya hii na nusu ya ile. Haya ndiyo mabaki. Havijawahi kukanyaga chini. Mwezi ujao namuoza binti yangu, na nataka nisimame siku hiyo na jozi moja iliyo yangu. Niliwaandikia wiki sita zilizopita kuuliza kama mnaweza.

– Ukajibiwa? Soli akauliza.

– Sijawahi kujibiwa haraka hivyo maishani! Akasoma kwenye simu: “Asante kwa kutufikia! Ujumbe wako ni muhimu sana kwetu. Timu yetu ya huduma kwa wateja itakujibu ndani ya dakika tano.” Nikangoja dakika tano. Nikaandika tena, yakaja maneno yale yale. Nimeandika mara kumi na moja. Sasa naomba niulize, wala sigombi. Ni nani kati yenu alikuwa anasoma?

Swali dogo. Mtoto wa darasa la kwanza angelijibu.

Maneno yale ya dakika tano, yanayojituma yenyewe kila mtu akiandika, niliyaandika mimi, na siku ile nilisifiwa mpaka nikamnyoa Meneja bure. Kusoma nilijua anasoma Bando, maana simu ni yake. Bando alijua anasoma Meneja, maana ndiye aliyejipa cheo cha mkuu wa huduma kwa wateja. Meneja alijua nasoma mimi, maana aliyeandika jibu ndiye mwenye kujibu. Tukainamisha vichwa wote watatu, wanaume wazima na ndevu zetu, na mwalimu amesimama mbele.

– Fungua, Soli akamwambia Bando.

– Huku mimi huwa siingii, kaka. Mimi naangalia mioyo tu.

– Fungua.

Akafungua. Jumbe sitini na nne.

– Soma. Kwa sauti.

Bando akasoma, na kila akisoma sauti ilizidi kushuka.

– “Mnaweza kumshonea ndala mzee aliyevimba miguu?” “Buti langu la kazi limebanduka soli, niko hapa hapa mjini, nilete wapi?” “Habari, sisi ni wauguzi, tunahitaji jozi kumi na mbili.” “Mpo?” “Jamani mpo?” “Hapa tena wauguzi. Basi, tumepata kwingine.”

– Inatosha, Soli akasema. Akatutazama mmoja mmoja. Na ninyi ni rafiki zangu.

Heri angenitukana.

Kisha akamgeukia mwalimu, akampa nafasi yake kwenye benchi, akapiga magoti.

– Viatu nitakushonea, mwalimu. Hiyo si kazi ngumu, ni kazi tamu. Meneja, lete karatasi hiyo uliyoikunja mfukoni.

– Hii? Soli, huu ni mkakati wa robo mwaka!

– Nyuma ni nyeupe?

– Ni nyeupe, lakini…

Soli akaichukua, akaitandika chini, akazungusha kalamu kwenye mguu wa kulia, halafu wa kushoto, taratibu, na mwalimu akawa anaitazama michoro ile miwili kama anaiona miguu yake kwa mara ya kwanza. Alipomaliza, Soli akatoa simu yake ya vitufe.

– Shemeji, Jumamosi usije na mkokoteni. Nina kazi… Hapana, sijapata leo. Nilikuwa nayo, sikuambiwa.

Akakata. Mama Birika akajifuta macho kwa pembe ya kanga, akasema ni moshi. Jiko lake lilikuwa limezimika zamani.

– Bando, Soli akasema, sasa mjibu mwalimu.

– Si huyu hapa amekaa?

– Ameandika mara kumi na moja. Mjibu.

– Niandike nini?

– Andika “karibu.”

Bando akaandika. Simu ikalia ndani ya mkoba. Mwalimu akaitoa, akasoma, akatabasamu kwa mara ya kwanza tangu afike. Kwa heshima yake ya ualimu, naye akaandika “Asante,” akatuma.

Simu ya Bando ikalia. Na kabla hatujashangilia, ya mwalimu ikalia tena. Akarekebisha miwani, akatusomea.

– “Asante kwa kutufikia! Ujumbe wako ni muhimu sana kwetu. Timu yetu ya huduma kwa wateja itakujibu ndani ya dakika tano.”

Akainua macho, akaanza na Bando, akapita kwa Meneja, akaishia kwangu.

– Hii inazimwaje?

Mimi nikamtazama Meneja. Meneja akamtazama Bando. Bando akaangalia ndani ya kikombe chake, na kikombe kilikuwa kitupu.