Miji Sita kwa Futi ya Fundi

Kwenye kiti cha mbele yangu ndani ya basi, fundi cherehani alitandaza ramani ya Ulaya mapajani, akavua futi shingoni, akapima. "Paris hadi Brussels, inchi moja. Hadi Amsterdam, inchi nyingine. Mimi na dada yangu, miji sita, siku nne!"

Mzee aliyekaa naye, dereva wa lori mstaafu, alicheka. "Haraka haraka, mama..."

"Usiimalizie hiyo, mzee wangu. Miaka thelathini nimekaa kwenye cherehani."

Moyoni nilikuwa upande wa fundi.

"Haya," mzee akasema. "Toka ulipopanda mpaka hapa, kwenye ramani kama hiyo ni inchi ngapi?"

"Haifiki hata upana wa uzi."

"Na kwa foleni hii tumetumia saa nzima."

Basi likasimama. Fundi akakunja ramani, akaelekea mlangoni.

"Basi, siku tano," alisema, akashuka.