Fundi Aliyengoja Injini Igonge

Nilikaa nyuma ya abiria wawili kwenye basi la kutoka Kulamawe kwenda Isiolo mjini. Mwanamume alikuwa na kucha nyeusi za oili, kwa hivyo sikuhitaji kuuliza kazi yake. Mama mwenye duka aliyekaa naye alilisifu basi kana kwamba amelizaa.

"Juzi hii injini ilikuwa inagonga kama polisi kwa mlango," akasema. "Fundi Gichuki wa Bulla Pesa akabadilisha beringi za krenki, ule mtaimbo unaozunguka ndani, bila kutoa injini. Alilala tu chini ya gari."

Mwanamume akacheka peke yake. "Na beringi za juu, zilizojificha juu ya krenki, alizitoa na nini, maombi?"

"Aliingiza kapini kwa tundu la oili la krenki, akaizungusha pole pole, kapini kakasukuma beringi ikatoka. Mimi nilikuwa hapo nangoja mizigo yangu."

"Mimi niliambia mwenye basi injini lazima itoke! Cheni ya kuiinua niko nayo. Akaenda kwa huyo."

"Kumbe ni wivu, fundi?"

"Wivu gani, mama? Nahurumia abiria. Hii itagonga kabla tufike."

Akainamisha sikio karibu na sakafu. Kila tulipogonga jiwe, uso wake ulichangamka, kisha ukanywea. Injini iliunguruma tu, bila adabu.

Mjini tulishuka sote isipokuwa yeye.

"Mzee, tumefika," dereva akamwambia, mkono ukiwa tayari kwenye ufunguo.

"Ngoja kidogo," akajibu, bado ameinama. "Usizime."