Mashahidi Wawili wa Mzee Ukurasa

Ndugu, jamaa na marafiki, nanyi wasomaji wa kila asubuhi ambao wengi wenu leo ndiyo tunawaona sura kwa mara ya kwanza, familia imempa mdogo wake marehemu kazi ya kusoma historia hii, kwa sharti kwamba asitie chumvi, kwa kuwa marehemu mwenyewe hakutaka chumvi kwenye habari, ingawa kwenye sahani yake aliimwaga bila huruma mpaka daktari alipomkataza.

Marehemu, ambaye mtaani na mitandaoni alijulikana kama Mzee Ukurasa, alizaliwa tarehe 9 Machi 1951, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya stesheni ya reli, akiwa wa kwanza kati ya watoto watano wa fundi cherehani na mkunga. Alianza shule ya msingi Januari 1958, akahitimu sekondari ya kutwa Novemba 1969, na ripoti zake, ambazo mama alizitunza chini ya godoro, zinasema karibu zote kwamba ana bidii, ana mwandiko mzuri, ila anamchosha mwalimu kwa kuuliza nani kasema.

Tarehe 2 Februari 1970 aliajiriwa katika kiwanda cha uchapaji, akawa mpanga herufi, akiziokota herufi za madini ya risasi moja moja kwa vidole ambavyo havikutakata tena, na mwaka 1979 akapandishwa kuwa msahihishaji wa gazeti, kazi aliyoifanya hadi kustaafu kwake tarehe 30 Juni 2006. Miaka yote hiyo alizisoma habari za taifa kabla taifa halijazisoma, na hilo, tuseme ukweli, lilimfanya atembee kifua mbele.

Tarehe 12 Agosti 1978 alifunga ndoa na shemeji yetu, wakati huo karani wa posta, baada ya kwenda dirishani kwake kununua stempu moja kila siku kwa miezi minne, bila kuwa na mtu hata mmoja wa kumwandikia barua. Walijaliwa watoto watatu, mwaka 1980, 1983 na 1988, na wajukuu watano, na stempu zile shemeji anazo mpaka leo.

Kustaafu kulimkalia vibaya, akawa anasahihisha matangazo ya dukani kwa kalamu nyekundu, hadi binti yake wa mwisho, ambaye leo ni mwalimu wa kompyuta, alipomfungulia ukurasa wake kwenye mtandao tarehe 1 Oktoba 2006. Kona ya sebule ikawa chumba cha habari, na kila siku saa moja kamili asubuhi, upande wa kushoto mlisoma mambo ya nchi, bajeti, matokeo ya mitihani, bei ya mafuta, mawaziri waliobadilishwa, na upande wa kulia mlisoma neno la kuwatia moyo, alilolitunga mwenyewe akinyoa ndevu. Wapo hapa wanaokumbuka lile lisemalo, leo msalimie kwanza yule unayesubiri akusalimie, na yupo dereva wa lori aliyelibandika kwenye kioo chake lile jingine, ukimaliza kulalamika, shika fagio.

Familia iliamua jambo moja lisifichwe, kwa sababu marehemu hakulificha. Tarehe 17 Mei 2009, kwa kutegemea simu moja tu ya mfanyakazi mwenzake wa zamani, alitangaza kifo cha mtangazaji mstaafu wa redio, mama ambaye sauti yake ilikuwa imeiamsha nchi hii kwa miaka thelathini, na kufikia saa tatu salamu za rambirambi zilikuwa zimepita mia mbili. Saa nne simu ililia, na sauti ile ile ya taarifa ya habari ikamjulisha kwamba marehemu wa asubuhi ile anakunywa chai, na kwamba angependa kufahamu anazikwa saa ngapi ili asichelewe.

Sisi tulicheka, yeye hakucheka. Siku mbili hakula wala hakuwasha kompyuta, akamwambia shemeji aigawe, kwa maana jina lililojengwa kwa miaka ishirini na saba ya kusahihisha makosa ya wengine lilikuwa limeanguka asubuhi moja. Siku ya tatu yule mama alikuja mwenyewe, akakaa kwenye kochi, akamwambia kwamba kosa amekwisha kumsamehe, ila akikimbia hatamsamehe, kwa kuwa msomaji aliyedanganywa juzi ana haki ya kumkuta mtu nyumbani leo.

Jioni hiyo aliandika juu kabisa ya ukurasa, kwa herufi nyekundu, kwamba tarehe 17 Mei 2009 ukurasa huu ulimzika mtu aliye hai na hautarudia, akaweka na sharti, kwamba habari ya kifo haitatoka humo bila watu wawili walioona kwa macho yao na kukubali kutajwa. Watoto walimsihi ayafute maneno yale, yanamwaibisha, akakataa kwa miaka kumi na mitano, na katika muda wote huo hakulazimika kuandika masahihisho ya pili. Tunajivuna kwa hilo kuliko kwa cheo chochote.

Desemba 2022 aligunduliwa kuwa na maradhi ya figo, na tarehe 3 Juni 2024 akalazwa, akawa anamsomea binti yake habari na neno la siku kutoka kitandani. Jumanne tarehe 18 Juni, saa mbili na dakika ishirini asubuhi, alifariki dunia, mkono wake ukiwa katika mkono wa shemeji.

Simu zikaanza, maana uvumi ulikuwa umetoka na ukurasa ulikuwa kimya, na wasomaji walisema hawaamini mpaka wausome pale. Binti alikaa kwenye benchi la korido na kompyuta mapajani, akamuuliza mama yake kama ameona, mama akajibu ameona. Huyo alikuwa mmoja. Daktari hakuruhusiwa kutajwa, watoto wakubwa na mdogo wake marehemu, anayewasomea haya, walikuwa bado njiani, na binti mwenyewe hakuthubutu kuingia chumbani. Saa tano akafika yule mtangazaji, sasa ana miaka themanini na sita, na fimbo yake, akaomba apelekwe, akasimama kando ya kitanda, akatoka na kusema kwa sauti yake ya redio kwamba ameona. Ndipo mkasoma.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliomvumilia alipowasahihishia fomu zao, majirani waliotuletea viti na maji, wenzake wa kiwandani, na nyote mliomfungua kila asubuhi. Binti aliuliza kama yale maneno mekundu sasa yafutwe, na mama mtangazaji, aliyekaa hapa mbele, amesema yabaki, kwa kuwa ndiyo yaliyofanya mengine yote yaaminiwe.

Kaka, habari yako imethibitishwa na watu wawili, hakuna cha kusahihisha, pumzika.