Mama Karata Alivyochagua Kurudi Nyumbani

Ndugu waombolezaji, familia imenituma mimi, shemeji wa marehemu, nisome historia ya mpendwa wetu ambaye wengi wenu mlimwita Mama Karata, na kwa kuwa tangu juzi tunasikia minong'ono kwamba mume wake ndiye aliyemtoa hospitali kabla ya upasuaji, tumeona heri jambo hilo lisemwe hapahapa mbele ya marehemu mwenyewe, maana wahenga walisema lisemwalo lipo, ila hili halipo.

Marehemu alizaliwa tarehe 9 Juni 1961, mtoto wa nne wa dobi na mpiga chapa, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya kituo cha zimamoto, na inasemekana alianza kusema kabla ya kutembea, jambo ambalo hakuna aliyemfahamu atakayelibisha. Alisoma shule ya msingi kuanzia 1968 hadi 1974, kisha sekondari ya wasichana hadi 1978, ambako hesabu zilimpiga chenga mpaka siku ya mwisho. Mwaka huohuo mpangaji wa mama yake, mshona mapazia, alipokuwa anahama alimwachia pakiti ya karata za taroti, zile zenye picha za mnara unaopigwa radi, mwezi wenye uso na mpumbavu anayetembea ukingoni mwa jabali, wala hakumfundisha kupiga ramli, alimfundisha kumwuliza mtu anaona nini kwenye picha, kisha kunyamaza. Kunyamaza, kwa marehemu, jamani, hiyo ndiyo ilikuwa kazi.

Tarehe 3 Machi 1980 aliajiriwa kuwa mpokezi katika kliniki ya meno, mahali ambapo mlio wa mashine ya kutobolea meno ulisikika hadi barabarani, na wagonjwa walikuwa wakitoroka benchini kabla hawajaitwa. Yeye akaanza kuwapangia karata tatu juu ya kaunta, na mtu aliyekuwa akitetemeka akajikuta anaeleza kwamba yule mpumbavu ni mdogo wake kabisa, au kwamba mnara ule ni kazi anayotaka kuiacha ila anamwogopa mkewe, na zamu yake ikifika anaingia ameshatua mzigo. Daktari alichachamaa mwanzoni, akasema hapa si kwa mganga, mpaka alipoona watoro wamekwisha, na baadaye akaja kaunta mwenyewe, mlango ukiwa umefungwa, na alichosema siku hiyo marehemu ameondoka nacho. Hakuwahi kumtabiria mtu hata mvua. Akiulizwa kesho itakuwaje, alijibu kwamba karata ni karatasi, kesho zinaijua kama sufuria inavyoijua, kilichomo moyoni mwako ndicho kinachotoka, picha inakufungulia mlango tu.

Mwaka 1984 alifika pale fundi majokofu, kaka yangu, shavu limevimba kama puto, akaonyeshwa karata ya mwezi, akasema anaona taa inayotaka kubadilishwa balbu. Hakuona kingine, na hadi leo hajaona kingine, lakini wiki iliyofuata alirudi na meno mazima, akarudi tena na tena, na tarehe 16 Novemba 1985 wakafunga ndoa, wakajaliwa binti ambaye ni mwalimu, mtoto wa kiume ambaye ni fundi umeme, na wajukuu watano. Marehemu alistaafu mwaka 2016.

Februari mwaka huu aligundulika na uvimbe kwenye kongosho. Daktari wa upasuaji, mtu muungwana sana, alieleza kwamba operesheni ingeweza kumwongezea muda, au kumwacha kitandani palepale asiinuke, uamuzi ni wake. Familia tukagawanyika, binti alitaka, wa kiume hakutaka, mimi nilikubaliana na kila aliyesema mwisho, na marehemu, aliyewavusha watu wengi kwenye njia panda zao, kila akiulizwa alijibu tu kwamba tutakavyoona sisi.

Ndipo kaka yangu alipoleta zile karata wodini. Alizichanganya kwa madaha, akagawa saba zake, saba za mkewe, kama anavyocheza na mafundi wenzake, akazibana zake kifuani zisichunguliwe, akamwambia mkewe aanze kutupa. Karibu miaka arobaini nyumba moja, mtu hajui hata zinavyopangwa! Marehemu alicheka mpaka muuguzi akaja mbio, akacheka hadi machozi, na kicheko kilipotulia, bila kuulizwa na mtu, akasema: "Baba watoto, mimi nataka nikachezee nyumbani. Nilikuwa naogopa utasema nimekuacha."

Kaka yangu akaanza kufunga begi. Ndivyo alivyotolewa hospitali, na anayenong'ona sasa anajua.

Waliishi hivyo miezi mitano, wakicheza kila jioni kwa sheria alizotunga marehemu, ambazo zilibadilika kila alipokaribia kushindwa, na tarehe 12 Julai, saa kumi na mbili jioni, akafariki akiwa kitini pake, zamu ikiwa ya kaka yangu kutupa.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi walioheshimu neno lake, majirani walioacha milango yao wazi, wenzake wa kliniki, na wote mlioketi naye kaunta mkasema yaliyowasibu. Nawe shemeji, mumeo amenituma nikwambie kwamba karata ya mwisho mkononi mwake haikuwa na maana yoyote, alijua umeshamshinda, alikuwa anachelewesha tu. Pumzika, mama, pumzika kwa amani.