Makaburi Yaliyobaki Mwaghamba

Risala ya Halmashauri ya Kijiji cha Kinyantuli kwa Mheshimiwa Mkuu wa Wilaya

Mgeni rasmi, Mheshimiwa Mkuu wa Wilaya, Mheshimiwa Diwani, viongozi mliofuatana na mgeni wetu. Wazee wetu mliotangulia kufika, shikamooni. Ndugu wananchi, habari za asubuhi.

MAKARIBISHO

Sisi wajumbe ishirini na mmoja wa Halmashauri ya Kijiji cha Kinyantuli tunakukaribisha kwa moyo mweupe. Tunajua kwamba unaelekea Mwaghamba kufungua zahanati, na kwamba umesimama kwetu kwa sababu barabara inapita hapa. Ratiba tuliyoletewa inasema Kinyantuli dakika ishirini. Mwaghamba inasema muda wa saa tatu na chakula. Hatulalamiki. Tumeisoma risala hii mara mbili tukiwa na saa mkononi. Inamalizika kwa dakika kumi na mbili, na zinazobaki ni za chai.

Anayekusomea ni Editha Mughwai, mjumbe, ambaye huandika mihtasari ya vikao Mtendaji wa Kijiji anapokuwa safarini. Alichaguliwa kwa sababu alimaliza kidato cha nne na mwandiko wake unasomeka. Ameagizwa aseme "sisi" na asilie.

Mheshimiwa, tulipokaa kuandika risala hii, mjumbe wetu Mzee Antipasi alishauri Mwaghamba isitajwe hata mara moja. Alisema, "Tukiwataja tutaonekana tuna wivu."

Mama Agripina akamjibu, "Kwani hatuna?"

Kikao kikacheka. Kwa hiyo tumeamua kusema ukweli. Wivu tunao.

HISTORIA YA KIJIJI

Hadi mwaka 2014, Kinyantuli na Mwaghamba vilikuwa kijiji kimoja chenye vitongoji sita. Watu walipoongezeka tukaelekezwa tugawane. Wapimaji walikuja na ramani, wakakaa siku mbili, wakatuuliza sisi tuliokuwa na madaraka na muhuri: mstari upite kwenye korongo, au upite kwenye njia ya ng'ombe iliyo mbele kidogo ya korongo?

Mstari ukipita kwenye korongo, lambo la kunyweshea mifugo na uwanja wa mnada vinabaki kwetu vyote. Ukipita kwenye njia ya ng'ombe, tunapata kipande cha mchanga cha ng'ambo, lakini kwa fidia lambo tunagawana nao. Mheshimiwa, hatukuchukua muda. Wenzetu walikuwa wameanza kutamba kwamba kijiji chao kipya kitatupita, nasi tulitaka waondoke mikono mitupu. Tukachagua korongo.

Mwenyekiti wetu wa wakati huo alikuwa Melkiori Mughwai, ambaye sasa ni marehemu, mume wa msomaji wa risala hii. Alisimama akasema, "Waacheni wakalime mchanga." Muhtasari wa siku hiyo tunao. Baada ya maneno hayo umeandikwa kwenye mabano: makofi.

Kisha wapimaji wakatupa fomu ya kuorodhesha vitu vilivyopo kila upande. Tukataja shule, lambo, mnada, msikiti, makanisa mawili na mashine ya kusaga. Hatukutaja makaburi. Makaburi yetu sote, Wakristo upande wa magharibi na Waislamu upande wa mashariki, yako kwenye ule mchanga wa ng'ambo.

Mheshimiwa, huku kwetu makaburi hayatajwi mbele ya mgeni. Anayeyataja huulizwa anamchimbia nani. Wapimaji walikuwa wageni, tumewachinjia kuku, wamekaa kwenye viti. Tukanyamaza kwa adabu. Mwandishi wa muhtasari aliyakumbuka. Aliinua kalamu, akamtazama Mwenyekiti, Mwenyekiti naye akatazama chini. Kalamu ikarudi mezani. Fomu ikapigwa muhuri.

Mwaka wa tatu lambo lilijaa mchanga. Mwaka wa nne mnada ulihamia kando ya barabara kuu. Wale wa mchanga walichimba kisima, wakapata maji hata kabla mafundi hawajachoka.

KAZI NA MAFANIKIO YETU

Pamoja na hayo hatukai bure. Halmashauri hii hukutana kila mwezi katika ghala la alizeti, wajumbe wakiwa wamekaa juu ya magunia, na magunia yakiuzwa tunakaa chini. Tunaandika barua za utambulisho. Tunafuatilia watoto watoro. Msimu wa mvua tunajaza mashimo ya barabara hii uliyopita, kwa majembe na kwa mikono yetu. Tunashukuru kwamba gari lako limepita salama.

Migogoro tunaimaliza wenyewe. Mwaka huu ng'ombe wa Mzee Marko waliingia katika alizeti ya Bi Lea wakala mistari kumi na minne. Tulisikiliza pande zote mbili tangu asubuhi hadi saa saba mchana. Mzee Marko alishikilia kwamba ng'ombe hawajui mipaka. Bi Lea akasema, "Ng'ombe wako wana adabu kuliko wewe, Mzee Marko. Wao nilipowafukuza walitoka." Mzee Marko alicheka kabla hajajizuia, na aliyecheka hawezi tena kukataa. Wanawe walirudishia mbegu na kupalilia shamba lile hadi mavuno.

Vyoo vya kaya vimefikia tisini na moja kwa kila mia. Mwaghamba ni themanini na nane. Tuliomba takwimu hiyo kwa Afisa Afya mara mbili ili tuwe na uhakika.

CHANGAMOTO

Mheshimiwa, utakayoyaona baada ya kuvuka korongo tunayajua yote, maana tumeyahesabu. Utaona zahanati yenye bati la bluu. Utaona kisima chenye mabomba manne, na taa za jua mbili. Ubao wao wa matangazo una kioo na kufuli, wakati wetu ni mlango wa ghala. Magoli ya uwanja wao yana nyavu. Bango lao la "Karibu Mwaghamba" limesimamishwa kwenye kona ng'ambo, likisomeka hadi huku, hivyo mgeni akiwa bado kwetu tayari anakaribishwa kwao. Juzi bwana mmoja mnunuzi wa alizeti alimaliza shughuli zake zote hapa, akatushukuru sana sisi watu wa Mwaghamba.

Haya yote tunaweza kuyavumilia. Wajawazito wetu watatibiwa kwenye zahanati yao na watatibiwa vizuri, kwa sababu muuguzi hamuulizi mtu kitongoji. Linalotushinda ni moja.

Upande wetu wa korongo ni mwamba. Ukichimba, sururu inagonga jiwe kabla hujafika magotini. Ndiyo maana wazee wetu walizika kule kwenye mchanga, na ndiyo maana hatuna pengine. Tangu tugawane, kila tunapofiwa hatuna budi kupeleka ombi Mwaghamba ili tupate barua yenye muhuri, ndipo tuchimbe.

Mama yake Mzee Ahmadi alipofariki, Mtendaji wao, Bi Kauthar, alikimbia mwenyewe na muhuri mkononi, kwa kuwa alijua Waislamu hawamkawizi maiti. Kwa hilo tunamshukuru mbele yako.

Melkiori Mughwai alifariki miaka miwili iliyopita, mwezi wa nane. Vijana walijaribu kwanza kuchimba nyumbani kwake, nyuma ya zizi. Sururu mbili zilivunjika mpini na jiwe likabaki jiwe. Siku hiyo Bi Kauthar alikuwa ameitwa Singida Mjini kwenye semina, na muhuri ulikuwa kwenye mkoba wake. Mjane alivuka korongo akiwa na kanga ya msiba, akaenda kwa Mwenyekiti wao, Bwana Joshua. Bwana Joshua huyo alifundishwa kuandika ajenda na Melkiori, na alikula nyumbani kwake miaka mingi.

Alimwambia, "Shemeji, ingekuwa ni mimi ningemzika leo hii. Lakini bila barua wananchi wangu watanihoji. Na huo mstari, shemeji, mliuchora ninyi."

Mjane akavuka korongo kurudi msibani. Yeye ndiye aliyekuwa ameandika neno makofi.

Waombolezaji walisubiri siku ile nzima na nusu ya siku ya pili. Waliotoka Nduguti na Mtinko walimaliza maji yote ya mitungi. Barua ilipokuja ilikuwa nzuri, imepigwa chapa, haina kosa hata moja. Ilisema: "Serikali ya Kijiji cha Mwaghamba inawaruhusu kumzika marehemu katika eneo letu kama mgeni." Mheshimiwa, marehemu alizaliwa hatua chache kutoka pale. Babu yake amelala pale. Alikuwa mwenyekiti wa pande zote mbili kwa miaka tisa. Barua hiyo imehifadhiwa kwenye jalada la vikao, baada ya muhtasari wa mwaka 2014, na anayefungua jalada hukutana na vyote viwili.

Kuna mama wa Mwaghamba anaitwa Selina. Mume wake naye amelala pale, safu moja na Melkiori. Jioni Mama Selina hutoka na ungo wake wa choroko, akakaa kando ya kaburi akichambua, anaongea, anang'oa majani, kisha anarudi nyumbani kuinjika chakula, kama mtu aliyetoka nje ya mlango tu. Hakuna anayemuuliza chochote. Sisi tukienda tunasalimiana kwanza na mlinzi wa kisima, tunaeleza tunakwenda wapi, naye anatusindikiza kwa macho. Mheshimiwa, tumefika mahali tunamwonea wivu mwanamke ambaye naye ni mjane. Tunaona aibu kuliandika hili, lakini tulikubaliana kusema ukweli.

Na sasa, tarehe nne mwezi wa tano, tumepokea barua nyingine. Eneo linajaa. Wanataka kulizungushia uzio, na kuanzia Januari mosi watazikwa pale wakazi wa Mwaghamba peke yao. Hatusemi kwamba ni watu wabaya. Tungekuwa sisi wenye mchanga, huenda tungeandika barua hiyo hiyo, na huenda tungewahi zaidi.

MAOMBI

Mheshimiwa, tulikuwa na maombi sita: kisima, taa, ofisi, pikipiki ya Mtendaji, nyavu za magoli, na hili la makaburi. Mama Agripina alisema, "Tukiomba sita atatupa moja, na la kuchagua litakuwa lake." Tukapiga kura. Tumefuta matano. Vijana waliokuwa wakidai nyavu walikuwa wa kwanza kunyoosha mikono, na tunaomba uwapungie kabla hujaondoka.

Tunaomba mstari usogezwe kutoka kwenye korongo hadi kwenye njia ya ng'ombe, kwenye kile kipande kimoja tu. Tumepima wenyewe kwa miguu: ni hatua mia mbili na arobaini. Makaburi yawe kwenye mpaka, vijiji vyote viwili vizike, na kamati moja ya watu wa pande zote ifagie na kupanga safu. Hadi utakapoamua, tunaomba ile tarehe ya Januari isimame.

Hatuombi bure. Kwa kipande hicho tunatoa lambo na uwanja wa mnada, vyote, viende Mwaghamba. Tunajua lambo limejaa mchanga na mnada haupo, na kwamba si zawadi ya kujivunia. Lakini ndivyo vitu tulivyowanyima, na tunataka muhtasari uonyeshe kwamba tumevirudisha. Bwana Joshua tumemwandikia hivyo. Hajajibu. Labda akikusikia wewe atajibu.

HITIMISHO

Mheshimiwa, tumekuandalia jogoo mmoja na chupa mbili za asali ya mapori yetu. Tumesikia Mwaghamba ni mbuzi. Tafadhali jogoo asichanganywe naye garini, ni mgomvi.

Utakapovuka korongo, kabla ya lile bango, tazama mkono wako wa kushoto. Mwambie dereva apunguze mwendo. Utaona msalaba uliopakwa rangi ya kijani iliyobaki tulipopaka milango ya ghala letu. Hapo ndipo alipo Melkiori Mughwai. Ubavuni pake pana nafasi iliyozungushiwa mawe manne. Mawe hayo yalibebwa kutoka huku kwetu, kwa sababu kule hakuna mawe. Kila mara moja huwa limeondolewa, na kila mara hurudishwa.

Tumevunja mila yetu leo, tumetaja makaburi mbele ya mgeni. Safari ile tulinyamaza kwa adabu, na adabu hiyo ndiyo iliyotufikisha hapa. Wenyeji wako wakikuuliza ile nafasi ya mawe manne ni ya nani, tunakuomba uwajibu kwamba ni ya mtu wa Kinyantuli, bado yu hai, na amekusomea risala asubuhi.

Mungu akulinde barabarani, awape afya watakaotibiwa katika zahanati ya Mwaghamba, wao na sisi, na awape pumziko waliolala pande zote za mstari.

Ni sisi,
Wajumbe wa Halmashauri ya Kijiji cha Kinyantuli

Imeandikwa na kusomwa na Editha Mughwai, Mjumbe