Bibi wa Pangoni

Basi lilikuwa nusu tupu, lakini fundi viatu aliyeketi mbele yangu aliongea kama anayehutubia uwanja. Jirani yake, mama aliyepakata godoro dogo lililofungwa kwa kamba, alikuwa amemaliza kumsimulia filamu aliyoiona jana, ya watu wa kale na mnyama mwenye meno kama majembe.

"Wanakimbia peku juu ya mawe, mama, na hakuna hata mmoja anayechechemea?" fundi alisema. "Huo ni uongo mtupu."

"Uongo, nakubali. Hata nywele zao zimechanwa vizuri. Lakini mnyama alipokuja, yule kijana alirudi pangoni akambeba bibi yake mgongoni."

"Akamshinda mnyama mbio, na bibi mgongoni?"

"Akamshinda."

"Lo! Wametuona mabwege." Hapo, kusema kweli, nilikuwa upande wa fundi.

Mama alilikumbatia godoro. "Mama yangu, sisi wanawe tunamhamishahamisha, fundi. Leo kwa huyu, kesho kwa yule, kila mmoja anasema nyumba yake ni ndogo. Na mimi nilikuwa nasema hivyohivyo. Leo namchukua."

"Wewe una vyumba vingapi?"

"Kimoja. Pango lao lilikuwa na vingapi?"

Fundi alifungua mdomo, lakini tulikuwa tumefika kituoni. Mama alishuka na godoro lake bila kuaga. Fundi akatoa kichwa dirishani, akamwita kwa sauti ya mtu ambaye hajashindwa:

"Ila usimtembeze peku!"